Kabla hamjapanda meli ya Kalangala

Entebbe

Mpendwa Mwajuma,

Salamu zako zimefika. Nisalimie shemeji na watoto huko Arua. Umeuliza kama Jumamosi na Jumapili zinatosha kwa visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria. Hazitoshi, na sababu ni ratiba ya meli. MV Kalangala huondoka Nakiwogo, hapa Entebbe, saa nane mchana na kufika Lutoboka, kisiwani Bugala, baada ya mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Kesho yake saa mbili asubuhi inarudi. Hesabu mwenyewe: mkilala mara moja mmelipa nauli kwenda kuona giza. Mkilala mara mbili mnapata siku moja kamili. Omba ruhusa kazini mlale mara tatu.

Piga simu siku moja kabla, maana meli hupelekwa matengenezo, na siku ya safari wahini gatini mapema. Isipokuwepo, piteni Masaka hadi Bukakata mvuke kwa kivuko cha bure mpaka Luku, kisha kuna zaidi ya kilomita 30 za gari hadi mji wa Kalangala. Boti za mbao ziacheni, hata mkiambiwa zinawahi. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, upepo wa kila upande unakutana katikati ya maji na kupanda juu, ndiyo maana dhoruba za ziwa letu hupiga usiku wa manane mpaka alfajiri. Hata kwenye kivuko, watoto wapate jaketi okozi la kimo chao. La mtu mzima humvuka mtoto kichwani akitumbukia.

Sasa linalonikosesha raha: kichocho. Watoto wataona mchanga wa Lutoboka na kukimbilia majini. Konokono wanaobeba ugonjwa huu wanakaa kwenye matete na majani ya ukingoni. Wadudu wanaotoka ndani yao hawaonekani kwa macho, huwa wengi jua linapopanda mpaka mchana, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Maji kuwa maangavu si kinga, na kujifuta kwa taulo haraka usikutegemee. Waogesheni kwa maji ya ziwa yaliyochemshwa, au yaliyokaa pipani siku mbili bila konokono, maana wadudu hao hufa mapema wasipompata mtu. Mtoto akiingia ziwani, usimkimbizie praziquantel, dawa ya kichocho, siku ileile. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, ile michanga huiacha. Mpeleke akapimwe baada ya wiki sita hadi nane, na daktari ampe dozi kwa uzito wake.

Halafu msitu, ambao ndio hasa wa kuwapeleka huko. Bugala imepoteza sehemu kubwa ya msitu wake kwa mashamba ya michikichi tangu miaka ya 2000, nayo inauma. Msijetembezwa kwenye mistari ya michikichi mkaambiwa ndio msitu. Tafuteni mwenyeji awapeleke penye miti ya asili, mwe ukingoni mwa msitu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hapo kasuku wa kijivu hupita wakipiga miluzi, na hondohondo mtamsikia mabawa kabla ya kumwona. Mtazameni pia tai mmoja mweupe na mweusi, mwenye ngozi nyekundu kuzunguka jicho: hukanyaga tunda la mchikichi kwa mguu mmoja, akalichuna nyama ya rangi ya chungwa kwa mdomo hadi ibaki kokwa. Tai anayekula matunda! Watoto hawatamsahau.

Suruali ndefu, ncha zake ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Chandarua kila usiku, malaria ipo. Jioni mkiona kama nguzo za moshi juu ya ziwa, ni wadudu ambao Waganda huwaita sami. Hawaumi, ila zimeni taa na kufunga madirisha, la sivyo mtawakuta kwenye chakula.

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, basi mje Juni au Julai. Chukueni fedha taslimu za kutosha tangu huku, na tochi kila mtu yake. Ukishajua tarehe niandikie, nikakuulizie meli.

Wako,
Salima