Kwa vijana waandishi wa Iringa: meza zenu ziko wapi?

Wanangu, kamwene.

Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie. Juzi nilikwenda Kihesa kumpa pole mwenzenu mmoja ambaye sitamtaja. Hakufiwa na mtu. Amepotelewa na sura ya saba, kurasa 19 alizoziandika kwa mkono usiku wa baridi ya Juni na Julai, blanketi kiunoni. Mdogo wake wa darasa la nne aliamshwa alfajiri awashe jiko, akaona karatasi sakafuni chini ya meza, akaziokota. Mkaa ulishika vizuri sana.

Nyumba nzima ilimfokea mtoto. Mimi sikumfokea. Kwetu karatasi iliyo chini ni ya kuwashia moto, na mtoto aliyelelewa haruki takataka. Nikaomba nioneshwe hiyo meza.

Niliona miguu minne na lundo juu yake. Sahani yenye vichwa vya dagaa vilivyokauka. Chaja tatu, mbili zimekufa. Chupa ya soda yenye kipande cha mshumaa mdomoni, nta imetiririkia kamusi. Dawa ya kikohozi, soksi moja, vocha zilizokwanguliwa. Kadi za michango ya harusi 11, nilizihesabu. Na katikati, kama kuku anayeatamia, muswada wenyewe, au kilichobaki.

Ukutani amebandika picha ya meza iliyojaa makaratasi, ameitoa mtandaoni. "Mwalimu," akaniambia, "hata Einstein meza yake ilikuwa hivi." Nilinyamaza, maana nilikwenda kutoa pole. Sasa nasema.

Picha ile naijua. Ilipigwa na Ralph Morse wa jarida la Life, huko Princeton, Marekani, tarehe 18 Aprili 1955, saa chache baada ya mwenye meza kufariki. Umebandika meza ya marehemu, mwanangu. Halafu kama unamtaka Einstein, mchukue na nyumba yake yote. Tangu 1928 alikuwa na katibu, Helen Dukas, wa kumtunzia barua na karatasi. Hata bosi wake alipokufa, mama yule aliendelea kuzipanga kwa miaka mingi, na leo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Yerusalemu. Kile unachokiona kwenye picha kilikuwa na mtu nyuma yake. Wewe Helen wako ni nani? Yule mwenye kiberiti?

Hii dhana kwamba fujo ni dalili ya kipaji inaniudhi kuliko jambo lolote mnalolifanya, pamoja na kuandika mashairi usiku na kunitumia saa nane. Fundi cherehani akipoteza mkasi hamwambii mteja kwamba amejaliwa. Anautafuta, na mteja anakwenda kwa fundi wa jirani. Nyie mkipoteza sura nzima mnataka tuwaonee huruma kama wasanii.

Nasema haya kwa sababu nami nimepita humo. Mwaka 1983, nikifundisha shule moja Mufindi, nilikuwa na riwaya yangu kwenye karatasi za kuchana, kalamu ya wino, hakuna namba hata moja. Ilikuwa majira ya mvua, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unatoka kwa wingi, na kopo langu nililiweka pale pale mezani kama mfalme. Nilinyoosha mkono kutafuta kifutio. Kopo likalala. Wino na ulanzi vikaoana. Nilianika karatasi chumbani, zingine kwenye kamba, zingine karibu na moto, nikafungua dirisha zikauke upesi. Upepo wa Mufindi haubishi hodi. Nilitumia likizo yote ya Desemba nikijaribu kukumbuka ipi inafuata ipi, na nilipodhani nimemaliza nikampa mke wangu asome. Akarudi akicheka: bwana harusi alikuwa amezikwa kurasa nne kabla ya ndoa. Riwaya ile haikupona.

Tangu hapo kila karatasi yangu ina vitu vitatu kwenye pembe ya juu kulia: jina fupi la kazi, sura, namba ya ukurasa. "Mto/7/12." Inachukua sekunde tatu. Naweka namba kabla ya kuandika neno la kwanza, kwa sababu nikishaanza sitakumbuka. Mkichukua jambo moja tu kutoka kwangu, chukueni hili, na mengine mnaweza kunibishia. Ukurasa wenye namba hata ukiangukia jikoni, atakayeuokota atajua ni wa mtu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyie madaftari mnayo, tena kaunta buku za bei, lakini mmeanza saba na hamkumaliza hata moja. Shairi limo katikati ya hesabu za kikoba, na sura ya pili imeanzia nyuma. Daftari moja, kazi moja.

Meza yenyewe isafisheni hivi. Msipange kitu juu ya meza, mtakuwa mnahamisha fujo tu kutoka kushoto kwenda kulia. Shusheni vyote kitandani, ili usiku usipate pa kulala mpaka umalize. Futa meza kwa kitambaa kibichi. Kisha rudisha kile tu kinachohusu kazi unayoiandika leo: daftari, kalamu mbili, kamusi, taa. Kazi zinazosubiri zitie kwenye faili, au kama mimi, kwenye kikapu cha milulu chenye mfuniko, kikae juu ya kabati mbali na panya na mchwa. Rasimu za zamani usizichome mpaka kitabu kitoke kiwandani. Sahani irudi jikoni. Chai ikae kwenye kigoda, chini ya usawa wa meza. Hilo sina mjadala nalo.

Mengine kwa ufupi. Toboa karatasi kwa panchi, zifunge kwa uzi. Piga picha kurasa za siku hiyo kwa simu ujitumie kwenye barua pepe yako. Simu ikishamaliza kazi hiyo itoke mezani. Dakika kumi za kupanga kabla ya kulala. Kadi za michango, droo.

Na hizo kadi zinanirudisha kwa wazazi, kwa kuwa kosa si la vijana peke yao. Tunaishi jirani na shamba la miti la Sao Hill, malori ya mbao yanapita Mafinga usiku na mchana, kiwanda cha karatasi kiko hapo Mgololo. Ingia nyumba zetu: kabati la vyombo visivyotumika, makochi yenye vitambaa, televisheni ya ukutani. Meza ya mtoto kusomea hakuna. Anaandikia kitandani au kwenye kona ya meza ya chakula, mpaka mboga ikifika anaambiwa "toa hayo makaratasi". Kijana akikua na kupata meza yake, ataijuaje adabu yake? Kamati ya harusi tunakaa vikao sita tukichangia ukumbi. Sijawahi kuitwa kwenye kikao cha kumchangia mtu meza.

Basi yule wa Kihesa nimempelekea kikapu cha milulu na boksi faili mbili. Picha ya marehemu sijaing'oa, nimemwambia aiandikie tarehe chini. Sura ya saba ameanza upya. Anasema anaikumbuka nusu, na hiyo nusu nyingine huenda haikuwa nzuri. Jumamosi nitapita kuiona, nikikuta "7/1" pembeni nitakaa kunywa chai.

Yule mdogo wake naye, siku hizi kabla ya kuwasha jiko anasimama mlangoni na karatasi mkononi, anauliza: "Kaka, hii ina namba?"