Helikopta ikitua pwani, msiikimbilie

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wakaazi wa Nungwi, Paje, Bwejuu na Jambiani, kwani helikopta ikishuka kwao ghafla wao ndio watakaoifikia mwanzo, kabla ya sisi mafundi na marubani.

Mara nyingi haijavunjika kitu cha kuonekana. Ndani ya giaboksi, yaani sanduku la gia, ya panga la juu na ya panga la mkiani mna plagi yenye sumaku. Chuma kikilika, chembe zake hunasa pale, zikaunganisha umeme, taa ikamuwakia rubani. Pengine ni unga wa chuma usio na madhara, pengine beringi inakufa. Angani hakuna njia ya kujua. Katika helikopta ndogo ya aina ya Robinson R44, taa hiyo ikifuatana na mtikisiko, mlio mgeni au joto kupanda, rubani hutua hapo hapo. Ikiwaka peke yake, hutafuta pahala pazuri karibu. Kwa hiyo anayetoka Pemba hajikazi mpaka uwanja wa ndege wa Kisauni na huku Nungwi anaiona chini. Barazani watasema kaponea chupuchupu. Kafanya kazi yake tu.

Injini ikizima ndipo mambo huwa ya sekunde. Rubani hushusha mara moja wenzo wa mkono wa kushoto, mapanga yakalala, na upepo unaotoka chini ukaendelea kuyazungusha. Akichelewa, mizunguko hupungua: katika R44 king'ora hulia ikifika asilimia 97, na ikishuka mno hairudi tena. Hushuka huku ikienda mbele kwa mwendo wa kama kilomita 130 kwa saa. Kwenye futi 40 huinua pua kuvunja kasi, kwenye futi 8 huilaza sawa, kisha hupandisha wenzo na kuitumia nguvu iliyobakia katika mapanga. Nguvu hiyo ni ya mara moja. Na hata akiteleza vizuri kabisa, futi 1,300 hazimfikishi kilomita mbili, basi hana nafasi ya kuchagua sana. Maji yakiwa yamekupwa anaweza kutua katikati ya mashamba ya mwani.

Hapo ndipo penye hatari kwenu. Upepo wa mapanga hupeperusha kanga, maturubai na kamba za mwani, na kamba ikinaswa na panga la mkiani huliharibu. Panga hilo likizunguka halionekani kwa macho. Injini ikishazimwa, mapanga ya juu huendelea kuzunguka, na kadiri yanavyopunguza kasi ndivyo ncha zake zinavyoinama. Zuieni watoto. Subirini rubani awaite kwa mkono, mwende kwa mbele anakokuoneni, kamwe msipitie mkiani.

Wavuvi nao, ikiwa imetua majini, ngalawa isisogee mpaka mapanga yasimame. Helikopta nyingi uzito wake uko juu, hupinduka upesi, basi watafuteni watu milangoni. Abiria wasijaze upepo jaketi la kuokolea wakiwa ndani: maji yakiingia litawabana darini na mlango utawashinda.

Rubani akishateremka, mwambieni maji yanajaa saa ngapi na mchanga mgumu uko wapi. Siku za bamvua fundi wa kutoka mjini huenda akakuta helikopta imeshafikwa na maji ya chumvi, na hapo si kazi ya plagi tena.

Mafundi na marubani,
Kiembesamaki, Unguja