Benki zieleze hasara ya kufunga bei ya dola

Mhariri,

Januari 2024, dola ilipokuwa takriban shilingi 160 na wengi wetu sokoni tukiamini kwamba itapanda zaidi, mimi, muagizaji wa vipuri vya magari, nilitia saini mkataba na benki wa kununua dola 50,000 mwishoni mwa Machi kwa shilingi 163 kila moja. Februari serikali ilitoa hatifungani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 1.5 ili kulipa mapema sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililopaswa kulipwa Juni, hofu kwamba ingeshindwa kulilipa ikatulia, na shilingi ikapata nguvu. Siku ya kulipa ilipowadia dola ilikuwa karibu shilingi 132, nami nikalazimika kulipa shilingi milioni 1.55 zaidi ya bei ya soko, huku washindani wangu wakiuza vipuri vilevile kwa bei nisiyoiweza.

Siipingi mikataba hii, kwani shilingi ingeendelea kuporomoka ingeniokoa. Ninacholalamikia ni kwamba ofisa aliyenihudumia alieleza kwa kirefu faida nitakayopata dola ikipanda, lakini hakunionyesha hesabu ya dola ikishuka, wala hakunijulisha kwamba ipo mikataba ya hiari, ambayo mteja huilipia ada mapema na anaweza kuiacha bei ikimgeukia.

Naiomba Benki Kuu ya Kenya izitake benki zote zimpe mteja hesabu ya pande zote mbili kwa maandishi, tena kwa Kiswahili, kabla hajatia saini.

Muagizaji wa vipuri,
Nairobi