Kwenye bodaboda za stima, tazameni betri kwanza

Mhariri,

Kampuni za bodaboda za stima zinazidi kutafuta wateja katika miji ya magharibi, na gumzo kubwa ni bei ya pikipiki na mkopo wa lipa mdogo mdogo. Naomba viongozi wa sacco za bodaboda na wawakilishi wa wadi katika Kaunti ya Kisumu waitazame betri kwanza. Pikipiki huuzwa mara moja. Betri iliyoisha hubadilishwa kila siku kwa iliyojaa, kwa malipo, kwenye kituo cha kampuni, na hapo ndipo kampuni itakapokuwa ikimkamua mwendeshaji, au ikimtendea haki, muda wote atakaokuwa barabarani.

Chukua betri ya volti 72 na ampea-saa 40. Ndani yake mna takriban uniti 2.9 za stima (uniti moja ni wati-saa 1,000). Pikipiki yenye abiria hula wati-saa 30 hadi 40 kwa kilomita, kwa hivyo betri hiyo huenda kilomita 70 hadi 90 kwenye tambarare, na pungufu ya hapo ukipanda Riat kutoka Mamboleo. Anayekimbiza zaidi ya kilomita 100 kwa siku lazima abadilishe, na betri aliyoiacha kituoni huhitaji karibu saa nne kwenye chaja ya ampea 10. Ndiyo maana kampuni hulazimika kuwa na betri nyingi kuliko pikipiki. Ndiyo maana pia kampuni yenye vituo Kondele, Kibuye na Nyamasaria huwavuta waendeshaji hata kama pikipiki yake ni duni. Waendeshaji wakiongezeka, vituo hulipa. Vituo vikilipa, vingine hujengwa, na mshindani anayekuja nyuma huwa amechelewa kabla hajauza hata pikipiki moja.

Mwendeshaji naye hawezi kuhama kirahisi. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingiani na pikipiki ya nyingine, na tatizo si umbo na pini pekee. Ndani ya betri mna kompyuta ndogo inayopima joto na volti za seli. Pikipiki inapowashwa, kompyuta hiyo huwasiliana na kidhibiti cha mota. Ujumbe usipotambulika, stima haitoki. Betri nyingi za kukodi huwa pia na laini ya simu, hivyo kampuni inaweza kuizima ikiwa mbali malipo yakichelewa. Fundi akiikwepa kompyuta hiyo kwa kuunga nyaya moja kwa moja, seli dhaifu hubaki bila kinga dhidi ya kuchajiwa kupita kiasi, na moto unaweza kuzuka. Asijaribu mtu.

Kenya imeshapitia hali kama hii. M-Pesa ilianza 2007, na mawakala wake hawakuruhusiwa kuhudumia mitandao mingine hadi 2014, baada ya malalamiko kufika kwa Mamlaka ya Ushindani. Kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mitandao kulikuja 2018, wakati wateja walikuwa wamekwisha kuzoea upande mmoja. Taiwan ilikwenda njia nyingine. Kampuni ya huko ya skuta za stima, Gogoro, ilianza kufungua vituo vya kubadilishia betri 2015, kisha ikawakaribisha watengenezaji wengine. Skuta ya Yamaha EC-05 ya 2019 hutumia betri zilezile. Haikuwa hisani. Kila chapa iliyojiunga ilileta wateja kwenye vituo ambavyo gharama yake ilikuwa imeshalipwa.

Kampuni iliyomwaga pesa kujenga vituo ina haki ya kuzirudisha. Ukiilazimisha ifungue milango siku ya kwanza, hakuna atakayejenga kituo Ahero wala Maseno. Ninapendekeza ipewe miaka mitatu ya kuwa peke yake kwenye ploti ya kaunti, halafu ikubali kuhudumia pikipiki za kampuni nyingine kwa ada inayotangazwa, au impishe mwingine. Miaka saba ya mawakala wa simu ilikuwa mingi mno.

Kaunti isiseme haina uwezo. Bei ya stima ni kazi ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ambayo mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya stima: shilingi 16 kwa uniti, na 8 nje ya saa za matumizi makubwa, kabla ya kodi na ada nyingine. Viwango vya ubora ni kazi ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Lakini Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani na maegesho. Steji ni zake, masoko ni yake, na kituo lazima kikae mahali. Sharti la kufungua milango liandikwe kwenye mkataba wa ploti, kwa sababu kituo kikishajengwa kaunti haina tena cha kushikilia.

Sacco nazo zidai malipo kwa uniti, si kwa kila kubadilisha. Tuseme, kwa mfano tu, kubadilisha ni shilingi 180. Kwa betri mpya hiyo ni kama shilingi 62 kwa uniti. Betri ikichoka na kubaki na asilimia 80 ya uwezo, hutoa uniti 2.3, na uniti moja inakuwa shilingi 78. Mwendeshaji hachagui betri anayopewa; hugundua tu kwamba imemwishia kabla ya safari. Pini za plagi nazo huchakaa kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Zikilegea hupata joto na kuyeyusha plastiki, kwa hivyo mkataba utaje nani anagharimia plagi iliyoungua.

Kabla ya kutia saini, sacco ichukue betri tano kutoka vituo tofauti zikiwa zimejaa, ipime uniti zinazotoka hadi zizime, na iandike kiwango cha chini kwenye mkataba. Inayotoa pungufu ya uniti 2.3 ibadilishwe papo hapo bila malipo.

Mhandisi wa umeme,
Kisumu