Basi liwashushe Feri

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi kutoka Ilala, Dar es Salaam. Sisi wazima, Mungu anatusitiri. Mama vipi na magoti yake? Mfikishie shikamoo yangu. Kimya kimekuwa kirefu, nawe umenyamaza kama mimi, basi tusilaumiane.

Kilichonifanya nishike kalamu leo ni habari aliyokuja nayo Zuhura: eti mwezi wa saba unaleta wanafunzi 30 wa chama cha historia kutoka Tabora, na mwenye basi amekupangia kuwazungusha mjini kwa muda wa saa mbili tu, halafu ufukwe wa Coco. Rehema, nakusihi. Mwambie awashushe Feri, kwenye kivuko cha Kigamboni, asubuhi, kisha akawasubiri Kariakoo. Kutoka Feri hadi Kariakoo ni kama kilomita 4, na nusu ya yale unayoyaandika ubaoni yako njiani. Dirishani mwa basi wataona foleni na migongo ya bodaboda, basi.

Njooni Jumamosi. Siku za kazi mjini hapapitiki, na Jumapili makanisani kuna ibada na maduka mengi ya Uhindini yamefungwa. Ila msije wiki mbili za mwanzo za Julai, maana ni maonyesho ya Sabasaba na foleni ya Barabara ya Kilwa huwa haielezeki. Muwe Feri saa 1 asubuhi. Hapo mnada wa samaki umeshapamba moto, na mkitembea kuelekea Kariakoo jua litakuwa mgongoni. Kila mtoto awe na maji lita moja na nusu, kofia, na viatu vilivyofungwa. Ndala hapana! Mifereji ya mjini mingi haina mifuniko.

Kabla ya kutembea, wapandishe pantoni, mwende Kigamboni na kurudi. Nauli ni kidogo na safari ni ya dakika chache, lakini ndiyo njia pekee ya kuuona mji kama walivyouona waliokuja kwa bahari: mdomo mwembamba wa bandari, maji yametulia kama ya kwenye beseni, na minara ya makanisa mawili. Waeleze palepale kwa nini Sultani Majid wa Zanzibar alipapenda hapa miaka ya 1860, wakati jirani yake palikuwa na kijiji cha Mzizima tu. Angalizo moja: asubuhi pantoni la kwenda Kigamboni huwa na nafasi, la kurudi mjini ndilo linalofurika. Lango likifunguliwa watu husukumana, kwa hiyo wanafunzi wasubiri pembeni hadi wimbi la kwanza lipite.

Ukishuka, Ikulu iko mkono wa kulia. Simulia kwa mdomo: manowari za Waingereza ziliipiga mizinga mwishoni mwa 1914, kisha Waingereza haohao wakaijenga upya, ikakamilika 1922. Simu zibaki mfukoni. Hapo hapapigwi picha, na vivukoni na bandarini vilevile.

Fuateni barabara ya ufukweni hadi Azania Front, kanisa la Walutheri. Waambie waangalie juu ya madirisha: kila moja lina kipaa kidogo cha vigae vyekundu. Mjerumani aliyejenga alitaka kanisa la kwao, jua la hapa likamlazimisha kuyavisha madirisha kofia. Mbele kidogo ni Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Ingieni dakika kumi tu, mpumue, mtoke.

Halafu Boma la Kale, kwenye kona ya Sokoine na Barabara ya Morogoro. Hapa usiwe na haraka. Jengo hili lilijengwa kupokea wageni wa Majid, na ni kati ya machache ya zama zake yaliyobaki mjini, maana Majid alifariki 1870 na mrithi wake, Barghash, hakuuendeleza mji. Wajerumani walipoingia 1887 walikuta magofu mengi. Miaka minne baadaye wakauhamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo.

Wapeleke wanafunzi hadi ukutani, waguse. Lile ni jiwe la matumbawe, na palipobanduka plasta utaona vitundu vya wadudu wa baharini waliolijenga. Limeunganishwa kwa chokaa na mchanga. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki vizuri zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za namna hii ni virefu na vyembamba: upana ulikatwa na mti. Kisha waulize kwa nini kuta za zamani huchubuka. Matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huuacha unyevu utoke. Fundi akija na saruji ngumu akapiga juu, maji yanafungiwa ndani, chumvi inasukuma, na baada ya misimu michache plasta inadondoka na jiwe lake. Ukipitisha kidole kwenye chokaa kinatoka na unga mweupe. Ukigonga saruji iliyoachana na ukuta unasikia uwazi. Wafanye hayo mawili, taratibu, bila kubandua kitu.

Nisisitize hatari ya hapohapo: njia ya mabasi ya mwendokasi inapita karibu. Watoto huangalia magari ya kawaida, wakaisahau njia ya katikati, na mabasi yale huja kutoka pande zote mbili. Wagawe makundi matatu ya kumi kumi, mtu mzima mbele na mwingine nyuma, mstari mmoja. Njia za miguu zimejaa bidhaa za wamachinga na magari yaliyoegeshwa.

Kutoka hapo pandeni hadi Barabara ya Samora, kwenye sanamu ya Askari. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana Wissmann, iliyosimamishwa 1909: yeye juu, askari Mwafrika chini anamtazama. Waingereza walipouteka mji 1916 waliing'oa, na mwishowe ikapelekwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha 1968. Huyu askari wa sasa alizinduliwa 1927, na singe yake inaelekea bandarini. Maandishi ya chini yako kwa Kiingereza, na Kiswahili kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Mtoto anayesoma madrasa akisome kile cha Kiarabu kwa sauti. Watakuwepo wawili watatu wa kukisoma.

Uhindini pitieni Mtaa wa India hadi Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Macho yawe juu, ghorofani, maana chini ni mabango tu. Kule juu, kwenye nguzo na vibaraza, wenye nyumba wengi waliandika mwaka na jina la ukoo. Mashindano ya kutafuta mwaka wa zamani zaidi yatawapeleka mtaa mzima bila kuchoka.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Wanaotembeza watu mjini wengi huishia Askari, au Mnara wa Saa wakijitahidi. Mgeni anaondoka akijua historia ya Dar ni ya Wajerumani na Waingereza ufukweni. Wewe vuka Mnazi Mmoja, tafadhali. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 ziligawa mji kwa aina ya nyumba: huku za mawe kwa mtindo wa Ulaya, kule za udongo na makuti. Waingereza nao wakapanga kanda tatu. Kwa maandishi ilitajwa nyumba, si rangi ya mtu. Lakini nani alikuwa na pesa ya mawe na vigae? Na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ya Uhindini na Kariakoo, kutenganisha. Wasimamishe katikati ya uwanja, wageuke nyuma, wageuke mbele, wakumbuke ule ukuta walioushika Boma. Nina hakika wataelewa bila wewe kusema mengi.

Na ukingoni mwa uwanja huohuo ni Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Watakaposimama hapo wataona hatua za kutoka Lumumba hadi uwanjani ni chache mno.

Mkiingia Kariakoo, waeleze jina limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tafuteni nyumba za Kiswahili zilizobaki kati ya maghorofa: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Sokoni, paa lililosanifiwa na Beda Amuli lina miavuli ya zege iliyokusudiwa kukusanya maji ya mvua. Soko liliungua Julai 2021, hilo nadhani wanalijua.

Makumbusho usiyaweke katikati ya matembezi. Watu wakishakaa kivulini hawanyanyuki. Yawe jioni, au kesho yake. Na sarafu za choo! Feri na Kariakoo vipo vya kulipia, katikati ni shida, kwa hiyo wote waende kabla ya kuondoka Feri.

Haya nijibu: tarehe ni ipi hasa? Walimu wangapi wanakuja nawe? Mtalala wapi, bado kwa akina Baba Salma? Kuna mtoto asiyeweza kutembea mwendo mrefu, ili nimtafutie bajaji kutoka Askari? Wanakula samaki hao, au niagize wali maharage? Na yule mwenye basi, umeshamlipa?

Zuhura anarudi huko Alhamisi, mpe jibu mkononi.

Wako,
Mwajuma