Hatua Ambazo Hazikuwa Zangu

Ujiji, Kigoma
29 Desemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe, mumeo na watoto. Sisi huku hatujambo. Mvua zinanyesha vizuri, mama yako anakusalimu sana, na mihogo ya uani imestawi hata imeziba njia ya kwendea bafuni.

Ama baada ya salamu, nimeona nikuandikie kwa kalamu badala ya kukupigia simu, kwa sababu nina jambo la kukiri kwako, nami nikilisema kwa simu utacheka kabla sijafika katikati, kisha mama yako ataninyang'anya simu na habari itageuka kuwa nyingine. Jambo lenyewe linahusu ile saa ya kuhesabu hatua uliyoniletea mwezi wa Januari. Utakumbuka kwamba Jumapili moja ya mwezi wa Juni ulinipigia kwa furaha nyingi, ukasema simu yako inakuonyesha kuwa baba yako ametembea hatua 23,412 kwa siku moja, ukaniita kijana. Nami nikakushukuru. Mama, siku ile nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka tangu adhuhuri. Hatua zile zilikuwa za mjukuu wangu, mtoto wa kaka yako, ambaye nilimvalisha ile saa asubuhi kwenye tundu la mwisho la mkanda wake, akashinda nayo akifukuza mpira pamoja na kuku wa jirani. Wala haikuwa siku hiyo peke yake. Mchezo huo tuliucheza karibu mwezi mzima, na malipo yake yalikuwa maandazi mawili kila jioni.

Sasa nikueleze ilikuwaje hata mtu mzima kama mimi akafika huko.

Unajua hali niliyokuwa nayo mwaka ulipoanza. Tangu nilipostaafu ile kazi ya stoo nilikuwa sina pa kwenda, na mtu asiye na pa kwenda hukaa. Nilikaa na redio, nikakaa na magazeti ya zamani, nikala kila nilicholetewa, hadi kipimo kikaonyesha shinikizo la damu 162 kwa 98 na mizani ikasoma kilo 94. Mganga aliyenipima alinieleza kwa upole kwamba kuanzia 140 kwa 90 hilo tayari ni tatizo, akanipa vidonge, akaniambia nipunguze chumvi na mawese, kisha akasema kwamba mtu mzima anatakiwa autumikishe mwili walau dakika 150 kwa wiki. Chumvi niliipunguza bila matata. Mawese ni habari nyingine. Kumwambia mtu wa Kigoma apunguze mawese ni kama kumwambia apunguze jina la babu yake, lakini mama yako alianza kuyapima kwa kijiko, nami sikuwa na wa kumlalamikia.

Ulipoleta saa, ikaniagiza hatua 10,000 kila siku. Baadaye nilisoma kwamba hesabu hiyo haikutoka kwa madaktari. Mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Tokyo mwaka uliotangulia, kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa cha kufunga kiunoni kiitwacho manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi, na namba ile nzuri ya duara ikasambaa duniani. Laiti ningalijua mapema, nisingaliona haya kila jioni saa iliponionyesha 3,000.

Hata hivyo miezi ya mwanzo nilitembea kweli. Kila baada ya sala ya alfajiri niliteremka kwenda mwaloni kununua dagaa, mwendo wa dakika 35 kwa miguu yangu, na kurudi zaidi kidogo kwa sababu ya mwinuko. Nilipenda kufika wakati mitumbwi inaingia, taa zimezimwa, dagaa bado wanameta ndani ya beseni kama vipande vya bati, na akina mama wanabishana bei kwa Kiha na Kiswahili pamoja. Ramadhani ilipoingia mwezi wa Machi niliihamishia safari jioni, kabla ya futari, nayo ilikwenda vizuri kuliko nilivyodhani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikulielewa. Kila mwezi nilikuwa na siku kama saba au nane ambazo mwili ulikuwa mzito, mguu unauma bila sababu, blanketi tamu. Nililaumu presha, nikalaumu vidonge, nikafikia hata kulaumu godoro. Mama yako ndiye aliyegundua. Aliniuliza, "Wewe, mbona unaugua kila mwezi wa angani unapojaa?" Mwanangu, alikuwa amesema kweli. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hawaifuati taa, na wavuvi hubaki nchi kavu kushona nyavu. Siku ambazo mitumbwi haikwenda ziwani, mimi nami sikwenda mwaloni. Kumbe sikuwa natembea kwa ajili ya afya hata siku moja. Nilikuwa nafuata dagaa.

Ikaja tarehe 15 Mei. Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Uamuzi ule niliuunga mkono, na hadi leo nauunga mkono, maana sisi tuliokula migebuka mikubwa utotoni tunajua kilichopungua. Ila kwangu mimi maana yake ilikuwa miezi mitatu ya mwezi mpevu. Nilijaribu kutembea hivi hivi, kwenda na kurudi bila sababu. Siku ya nne nilijiona kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Nilijaribu pia kukimbia, goti likakataa. Hapo ndipo nilipomwita mjukuu na kumwonyesha saa.

Aliyeniokoa ni mvuvi mmoja mzee niliyekuwa nikinunua dagaa kwake. Alinikuta sokoni, akaniuliza kwa nini nimewatupa, nikamwambia hakuna dagaa. Akasema dagaa hawapo, lakini watu wapo. Nikateremka kesho yake nikawakuta chini ya mwembe, karibu na mwalo, wamezunguka bao.

Nililijua bao tangu utoto kwa kutazama tu, kama wengi wetu. Kulicheza ni kitu kingine. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, na kabla hujazimaliza kuzinamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, unatakiwa uwe umekwisha kufikiri hali ya ubao itakavyokuwa mtakapoingia mtaji, ile awamu ya kucheza na kete zilizo ubaoni tu. Wiki mbili za kwanza nilifungwa na kila mtu, hata na kijana wa kuuza kahawa. Kosa langu lilikuwa kuing'ang'ania nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji. Niliona kete zimejaa mle nikaogopa kuzigusa, nao wakanizunguka hadi wakaila nyumba yenyewe. Yule mzee hakuwahi kunifundisha kwa maneno. Aliniacha nikosee, kisha akanirudishia kete zangu mahali zilipokuwa, bila hata moja kupotea, ili nione mwenyewe nilipopotea. Sijui kichwa chake kinazihifadhi vipi.

Utaniuliza, na ni haki yako, kukaa chini ya mwembe kunampunguzia mtu kilo vipi. Kukaa hakupunguzi. Lakini mwembe uko kule chini na nyumba yetu iko huku juu, na bao lina tabia ya kumvuta mtu aliyefungwa jana. Siku sita kwa wiki, kwenda na kurudi, hizo ni dakika zaidi ya 400, nami sikuzihesabu hadi Septemba. Kahawa chungu ninakunywa. Kashata ninawapisha wenye meno. Ziwa lilipofunguliwa Agosti nikawa na sababu mbili, giza dagaa na mbalamwezi bao, na yale maradhi ya kila mwezi sijayaona tena.

Hii inanikumbusha kwamba mji wetu ni wa watu waliotembea. Misafara ilitoka Bagamoyo hadi hapa Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000, na yule Stanley anayetajwa kwenye mnara ulio upande wa chini wa mji aliondoka pwani mwezi wa Machi 1871, akamkuta Livingstone hapa mwishoni mwa mwaka huo. Sitaki kuipamba habari hiyo, maana wengi waliipita njia ile wakiwa na mizigo isiyokuwa yao na minyororo shingoni. Nasema tu kwamba nikiipita miembe ya njiani alfajiri nikiwa na kikapu kitupu, naona haya kulalamika juu ya goti.

Kuna kosa la pili, nalo ni dogo. Mwezi wa Oktoba nilipokwambia nina mafua, sikuwa na mafua. Nilikuwa nimeifufua ile baiskeli ya Phoenix ya marehemu babu yako, nikaipanda kwenda Kigoma mjini, na kwenye mteremko breki ya nyuma ikaniacha. Nilichubuka kiwiko na nikapasua suruali yangu ya Idi. Nimetengeneza breki, na sasa napanda Jumamosi tu, tena mteremko naushuka kwa miguu nikiikokota.

Wiki iliyopita nilipimwa: 134 kwa 84, kilo 86. Vidonge sijaviacha na sitaviacha bila kuambiwa. Mkanda wangu nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, na juzi nilimfunga yule mzee kwa mara ya kwanza. Alinitazama kwa muda, akapanga kete upya bila kusema neno, akanifunga mara tatu mfululizo.

Ukija Pasaka niletee tyubu mbili za baiskeli, inchi 28, za huku zinaisha upesi. Saa nimempa mjukuu moja kwa moja, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitumikia, na anasema anataka kufikisha hatua 30,000 kabla shule hazijafunguliwa. Kwa hiyo ukiona idadi hiyo kwenye simu yako, usinipongeze mimi. Mpigie yeye, shangazi yake, naye atakueleza alikuwa anamfukuza kuku gani.

Wako akupendaye daima,

Baba