Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Miaka kumi ya lazima imhesabu na mwanangu

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Yah: Kijana mwenye usonji anayemaliza shule ya msingi

Salamu kutoka Temeke. Mimi ni fundi cherehani. Mwanangu ana miaka 14, ana usonji, na shule zikifungwa Desemba atakuwa amemaliza muda wake katika kitengo cha elimu maalumu anakosoma. Mwezi uliopita mwalimu wake aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mwakani nafasi ile inabidi apewe mtoto mdogo anayesubiri. Nikamuuliza, "Na huyu aende wapi?" Akainamisha uso. Simlaumu mwalimu yule. Ana watoto 17 katika chumba kimoja na msaidizi mmoja, ambaye sisi wazazi ndio tunaomlipa kwa kuchangishana.

Swali nililomuuliza yeye ndilo ninalokuletea wewe.

Naomba kwanza umjue mwanangu, maana kwenye fomu huandikwa neno moja tu. Maneno yake mwenyewe ni machache, lakini akishika alichokisikia hakipotei: anaweza kukuitia vituo vyote kutoka Tandika hadi Kariakoo, kwa sauti ileile ya konda. Wali wake usiguswe na mchuzi. Honi humuumiza kama kofi. Kwa hiyo tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, tupate kiti cha dirishani kabla daladala hazijajaa. Siku tunayochelewa anabanwa na watu, anapiga kelele, anajigonga kichwa, na mimi naambiwa mbele ya abiria wote kwamba sikumfunza adabu. Miaka miwili ya mwanzo nilizunguka kwa waganga na kwenye maombi, kwa sababu kila jirani alikuwa na jina la aliyemroga. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba hakurogwa, wala si laana, wala si malezi yangu. Ubongo wake ulijengeka hivyo tangu utotoni, na kinachomsaidia ni kufundishwa mapema na kwa subira.

Na anafundishika. Alipokuwa na miaka tisa alimwaga kopo langu la vifungo. Niligeuka nimgombeze, nikakuta ameshavipanga sakafuni: vya matundu mawili huku, vya manne kule, vya shati peke yake, vya koti peke yake, na kila fungu limeanzia kikubwa likashuka hadi kidogo. Sikuwa nimemwonyesha. Leo Januari inapofika na wazazi wanajaa kibandani kutafuta sare, yeye ndiye anayeshona vifungo. Nafasi kati ya kifungo na kifungo haipishani hata unywele. Mashati ya watoto wanaoanza kidato cha kwanza mtaani kwetu yamepita mikononi mwake.

Mheshimiwa, sera mpya ilipozinduliwa Dodoma mwaka 2025 nilikuwa nashona huku redio imewashwa. Nikasikia kwamba elimu ya lazima sasa itakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na kwamba kutakuwa na mkondo wa amali kwa wanaojifunza ufundi. Nilisimamisha cherehani nisikilize vizuri. Nilidhani wanamsema mwanangu. Neno "lazima" nililielewa kwamba linaibana serikali pia, siyo mzazi peke yake. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeshampa haki ya kusoma sawa na wenzake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Shule yenye watoto 1,000, kwa hesabu hiyo, ingekuwa nao karibu wanane. Wakishakua, wanakuwa wapi? Namfahamu mama anayeuza samaki Feri. Mwanawe ana miaka 22. Alipotoka kitengoni alikuwa anajua kwenda chooni mwenyewe, kuosha vyombo, kuvaa viatu na kufunga kamba. Miaka miwili ya kukaa ndani ilimpokonya karibu yote. Sasa mama akienda sokoni anamfunga mguu kwa kitenge kwenye kitanda, kwa kuwa barabara kuu iko hatua chache kutoka mlangoni na kijana haogopi magari. Mama huyo analia akinisimulia. Ninyi na mimi tukimwita mkatili tutakuwa tumemkosea mara ya pili.

Ninachoomba ni hiki. Katika kila halmashauri, shule moja ya sekondari ya amali ipewe maagizo ya maandishi kuwapokea vijana hawa, ikiwa na mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama hao wanaoandaliwa Chuo cha Ualimu Patandi, na msaidizi anayelipwa na serikali. Anzeni na chache kama fedha ni ndogo, ila zianze Januari. Chumba kiwe mbali na kengele na barabara. Na upimaji wao uwe wa mikono. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu njia tayari ipo: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini, mtu anapimwa kwa kile anachoweza kufanya, kisha anapewa cheti. Mafundi wenzangu wamepata vyeti hivyo. Kijana asiyeweza kueleza kwa mdomo jinsi ya kutengeneza tundu la kifungo, lakini analitengeneza bila kasoro mbele ya mpimaji, anastahili cheti hichohicho. Bila cheti hata ile asilimia 3 ya ajira, ambayo sheria ya 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awape watu wenye ulemavu, itabaki mbali naye.

Nashukuru kwa kila tarehe 2 Aprili, siku ya dunia ya uelewa kuhusu usonji. Siku hiyo ndiyo iliyolifanya neno usonji lisikike redioni, na majirani zangu wawili wameacha kumwita mwanangu zezeta kwa sababu yake.

Ukipata nafasi, njoo umwone, au mtume ofisa wako. Njooni asubuhi, kabla mashine ya kusaga ya jirani haijawashwa. Msimsalimie kwa sauti kubwa wala msimshike mkono. Mwekeeni kifungo kimoja mezani, kisha msubiri. Atakitazama muda mrefu, atakigeuza, halafu atakiweka kwenye fungu lake.

Wako katika kulea,
Mama fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam